Pengo la Hewa

Mpwa wangu Minza hasuki mota. Anazifuga.
Mia mbili kwa usiku mmoja, ndani ya kompyuta
iliyoegeshwa juu ya pipa la varnishi, hapa Mabatini,
feni yake ikikohoa vumbi la shaba yangu.

Kila mota ni mstari wa tarakimu:
meno ya stata, unene wa sumaku,
mizunguko ya koili, upana wa pengo.
Anazipima. Dhaifu anazichinja,
zilizobaki anazioza wenyewe kwa wenyewe,
meno ya huyu, sumaku za yule,
na hapa na pale anaharibu namba moja makusudi,
"maana ukoo usio na mtundu, mjomba, hudumaa."

Nimesuka kwa vidole miaka thelathini na mmoja.
Mota ya kinu cha Kisesa naijua kwa mlio,
kama mtu anavyojua kikohozi cha baba yake.
Nikamuuliza: hiyo yako inajuaje kwamba imefika?

Akanitoa nje. Umeme ulikuwa umekatika,
nyumba zimeng'ang'ania majabali kama kupe.
"Fumba macho, upande.
Kila hatua iwe juu ya iliyopita."
Nikapanda kwa nyayo, kisha kwa magoti,
nikapita choo cha mama Ng'washi, kamba ya nguo za watu,
hadi kila upande ukawa mteremko.
"Nimefika."
"Fumbua."
Nilikuwa juu ya jiwe la kuanikia dagaa,
na mlima mzima uko nyuma yangu, mweusi.

"Ndiyo maana mwanzoni, chuma kikiwa bado na moto,
mpandaji wangu namruhusu ashuke.
Ashuke hata kwa hasara. Kisha napoza, polepole."

Moto na kupoza ninavijua. Nikanyamaza.

Siku ya tisa halikubaki jibu moja.
Yalibaki kumi na saba, yamejipinda kama ufuo:
huku mota nyepesi na ghali, kule nzito na rahisi,
na hakuna iliyomshinda mwenzake kwa yote.
"Hesabu inaishia hapo," akasema. "Chagua."
Nikachagua kwa bei ya shaba
na deni langu la Makoroboi.

Nikaisuka. Meno kumi na mawili,
waya mwembamba nisiouzoea, unaokata ngozi.
Tukaifunga kwenye mtumbwi wa Bugumba, Kirumba Mwaloni.
Ilikwenda kimya hivi kwamba mnandi mmoja
alisahau kuruka, akatutazama tukipita.
Dakika ya ishirini gugumaji likazonga rafadha.
Moshi. Ile harufu ya varnishi inayoungua,
naijua kuliko ubani.

Minza hakulia. Alichomoa majani, moja moja, na mizizi yake,
akayapeleka kwenye mizani ya muuza sangara,
akaandika kiganjani: kilo nne na robo.
"Hii sikuiambia."
Kompyuta haikukosea. Ilitujibu vizuri sana
kuhusu ziwa lisilo na magugu,
ziwa ambalo hakuna mtu wa Mwanza aliyewahi kulivuka.

Usiku huu nyingine mia mbili zinazaliwa,
na kila moja, kabla ya kupewa ruhusa ya kuzaa,
inavutishwa kwanza kilo nne na robo za majani.
Mimi nakata karatasi za kuhami, nasubiri tarakimu.

Nimemwomba kitu kimoja tu.
Yeye hulibana pengo la hewa, nusu milimita,
maana hapo ndipo nguvu inapovuka
kutoka kwa aliyesimama kwenda kwa anayezunguka
bila wao kugusana.
Nikamwambia beringi tunazopata hapa hucheza,
na rota ikicheza hulamba stata, nimeziona;
niongezee unene wa unywele.
Alinitazama. Nilidhani atacheka.
Akavuta kiti, akafungua orodha ya masharti,
na chini kabisa, baada ya joto na uzito na bei,
akaandika: *pengo la mjomba.*